Siku ya Tufaha, Siku ya Moli: kusomesha nyumbani majani yanapopukutika

Kwa mkulima wa Morogoro au Machakos, vuli ni mvua. Ni zile mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, za kupanda maharage na mahindi yanayokomaa upesi. Kwa mtoto anayekulia Minnesota, kaskazini mwa Marekani, miezi hiyo hiyo ni ya baridi inayobisha hodi na miti inayovua majani. Kamusi zetu nyingine huyaita majira yote mawili vuli, na mwanangu wa kwanza aliponiuliza, "Mama, sasa mvua iko wapi?" sikuwa na jibu la haraka. Tulikaa chini na tufe la dunia na tochi, tukaanza kuzungusha. Somo hilo halikuwa kwenye kitabu chochote tulichonunua, lakini analikumbuka mpaka leo.

Kila Agosti inapokwisha, wazazi wenzangu wanaoanza kusomesha watoto nyumbani huniuliza kuhusu zile siku za ajabu ajabu zilizojaa kwenye kalenda za Marekani. Siku ya kuzungumza kama haramia. Siku ya kumuenzi tembo. Siku ya moli, siku ya kamusi, siku ya mkate uliobanwa nyama katikati. Je, ni somo hilo au ni mchezo? Swali lina mafundo yaliyofungana: nani anazitunga siku hizi, ipi inafaa kufundishia, na sheria inasemaje mtoto akimaliza asubuhi nzima anakata matunda. Nitayafungua, ingawa fundo la katikati ndilo litakalonichukua muda.

Zinatoka wapi?

Siku hizi hazina baba mmoja. Chache zimewekwa na sheria: sikukuu ya Shukrani, Thanksgiving, iliwekwa na Bunge la Marekani kuwa Alhamisi ya nne ya Novemba kwa sheria ya mwaka 1941, ingawa Rais Lincoln alikuwa ametangaza siku ya kitaifa ya shukrani tangu 1863. Nyingine ni za Umoja wa Mataifa. Wiki ya Anga ya Dunia huanza 4 Oktoba, siku Sputnik, setilaiti ya kwanza, iliporushwa mwaka 1957, na kuishia 10 Oktoba, siku mkataba wa anga ulipoanza kufanya kazi mwaka 1967. Siku ya Chakula Duniani ni 16 Oktoba kwa sababu FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, lilizaliwa siku hiyo mwaka 1945.

Lakini nyingi zaidi zimetungwa tu na mtu. Mwaka 1957 ndugu wawili wa Michigan, William na Harrison Chase, walianzisha kijitabu cha kukusanya siku za namna hiyo, na tangu hapo mtu yeyote mwenye wazo na wafanyabiashara wenye bidhaa wamekuwa wakiongeza zao. Ndiyo maana utakuta aina moja ya keki ina siku yake. Hakuna aliyedanganya, ila pia hakuna mwalimu aliyekaa akafikiri mtoto atajifunza nini.

Hapo ndipo kazi ya mzazi inapoanza. Mimi hujiuliza jambo moja kabla ya kuikubali siku: nikiondoa kofia, rangi na peremende, kinabaki nini? Kikibaki kitu ambacho mtoto lazima akijue ili siku yenyewe ieleweke, basi siku ina mzizi. Kisipobaki kitu, naipita bila huzuni. Katika mwaka mzuri tunashika siku sita au saba kati ya Septemba na Desemba. Zaidi ya hapo nyumba inageuka uwanja wa sherehe na hesabu za kugawanya zinasubiri mpaka Januari.

Siku ya Tufaha

Tarehe 26 Septemba Wamarekani humkumbuka John Chapman, aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1774 huko Massachusetts na kujulikana kwa jina la Johnny Appleseed. (Ninaposema tufaha nasema lile la nchi za baridi, si lile jekundu la Unguja lenye kokwa moja ndani.) Hadithi wanayosimuliwa watoto ni ya mtu mpole, peku, sufuria kichwani, anayetembea akitupa mbegu kila alikopita. Ukweli una ladha kuliko hadithi. Chapman alikuwa mtu wa vitalu. Alitangulia mbele ya walowezi, akapanda miche, akajenga uzio, akaacha mtu wa kuiangalia, kisha akarudi kuuza. Alipofariki mwaka 1845 alikuwa na ardhi ya zaidi ya ekari elfu moja.

Swali linalofungua somo lote ni hili: ukila tufaha tamu ukapanda mbegu yake, utapata tufaha tamu? Watoto wote hujibu ndiyo. Jibu ni hapana, kwa kawaida. Kila mbegu ya tufaha ni mtoto wa wazazi wawili, maana mti huhitaji chavua ya mti wa aina nyingine, na mtoto huyo hafanani na mama yake. Mara nyingi tunda lake ni chachu, halifai kutafunwa. Miti ya Chapman ilitokana na mbegu, kwa hiyo sehemu kubwa ya matufaha yake yalikamuliwa yakawa kinywaji cha kuchachuka.

Sasa watoto wanataka kujua matufaha matamu ya dukani yanatoka wapi. Hapo ndipo ninapowasimulia maembe. Anayelima maembe Pwani anajua kwamba akitaka dodo au boribo la uhakika haendi kuokota kokwa. Ananunua mche uliobebeshwa, yaani kijiti cha mti anaoupenda kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine. Tufaha ni hivyo hivyo. Hapa kwetu fahari ya jimbo ni Honeycrisp, aina iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, na kila mti wa Honeycrisp ulioko duniani ulianza kwa kijiti kilichotoka, kupitia miti mingi, kwenye mti mmoja wa kwanza. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo ni mti ule ule, umekatwa vipande vingi." Sina namna bora ya kulieleza.

Baada ya hapo ndipo kisu kinapotoka. Tufaha likikatwa kwa upana linaonyesha nyota ya pembe tano, vyumba vitano vya mbegu. Mdogo anahesabu mbegu za matufaha kumi na kuchora grafu ya mihimili. Mkubwa anatafuta wastani, kisha anageuza bei ya ratili moja kuwa bei ya kilo, na hapo desimali zinakuwa na maana kwa sababu pesa ni ya mfuko wa mama. Vipande vinne tunaviweka mezani: kimoja kitupu, kimoja kimepakwa limau, kimoja maji, kimoja maji ya chumvi. Baada ya saa moja kile kitupu kimekuwa cha kahawia, kwa sababu kisu kilipasua seli na kimeng'enya kilichokuwa kimefungiwa ndani kikakutana na oksijeni. Limau huchelewesha kwa ukali wake. Mtoto anaandika alichokitarajia kabla, na alichokiona baadaye. Hilo la kuandika kabla ndilo sayansi yenyewe. Ukiliruka umebaki na saladi.

Kosa la mwaka wangu wa kwanza lilikuwa kuongeza siku hii juu ya masomo ya kawaida. Asubuhi hesabu ya kitabu, mchana matufaha, jioni kila mtu amechoka na mmoja analia. Siku ya namna hii lazima *ibadilishe* masomo ya siku hiyo. Hesabu ya tufaha ndiyo hesabu ya leo, na kusoma habari za Chapman ndiko kusoma kwa leo. Kitabu kinafungwa mpaka kesho bila kuombwa radhi.

Siku jua linapogawa sawa

Kama ningeruhusiwa siku moja tu ya majira haya, ningechagua usawa wa usiku na mchana, 22 au 23 Septemba. Haikutungwa na mtu, na kwa mtoto wa Kiswahili aliye ughaibuni ina zawadi ambayo wenzake hawana.

Saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana ikishatimia. Saa kumi na mbili jioni mchana umekwisha. Hesabu hiyo inakubali Mombasa, Kisangani na Dar es Salaam kwa sababu sehemu hizo ziko karibu na ikweta, na Mombasa jua huchomoza kwa tofauti ya takriban nusu saa tu mwaka mzima. Mtoto wa Minneapolis, mji wa Minnesota, akiambiwa "saa moja asubuhi" mwezi wa Desemba anachungulia dirishani anaona giza totoro. Anadhani mama amekosea.

Usiku na mchana vinapolingana, jua la Minneapolis huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama dakika chache baada ya saa moja jioni. Mchana saa kumi na mbili, usiku saa kumi na mbili, kama nyumbani kwa bibi. Siku hiyo tunampigia bibi simu kumuuliza jua lake limechomoza na kuzama saa ngapi, na watoto wanaandika namba zake kando ya zao. Kisha tunaanza daftari la machweo: kila jioni mtu mmoja anaandika saa jua lilipozama na kutia nukta kwenye karatasi ya grafu iliyobandikwa mlangoni mwa friji.

Mwishoni mwa Septemba tunapoteza dakika tatu hivi za mchana kila siku. Nukta zinashuka kama ngazi iliyonyooka. Ikifika Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa za Marekani zinarudishwa nyuma kwa saa nzima, na mstari wa mtoto unaanguka ghafla kama umekatwa kwa panga. Jua halikufanya lolote siku hiyo. Ni sheria ya watu. Sijawahi kupata njia nyingine ya kumwonyesha mtoto, kwa mstari mmoja, tofauti ya saa ya mbinguni na saa ya serikali.

Majani nayo yanaingia hapa. Mchana ukifupika, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayokamata mwanga. Kijani kikiondoka, njano iliyokuwa chini yake tangu kiangazi inajitokeza. Nyekundu ni habari nyingine: hiyo hutengenezwa upya wakati huo huo wa kuelekea baridi, hasa mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na ubaridi usiofikia kugandisha. Ukisaga jani la kijani kwenye spiriti, ukatumbukiza ncha ya karatasi ya kuchujia kahawa na kusubiri, rangi zinapanda na kutengana, na njano inaonekana ikiwa imejificha ndani ya kijani. Mzazi asimamie spiriti mwenyewe, mbali na jiko.

Maharamia, moli na kamusi

Siku ya haramia, 19 Septemba, nilikaribia kuikataa. Ilianza kama utani wa marafiki wawili wa Oregon mwaka 1995, John Baur na Mark Summers, na mimi niliyekulia karibu na bahari sioni cha kusherehekea kwa mtu anayepora majahazi ya wenzake. Lakini nilipoiuliza swali langu nikaona kuna kilichobaki: bahari. Baharia asiye na ramani ya simu anajuaje yuko wapi? Kwa hiyo siku hiyo kwetu ni ya mabaharia. Tunatengeneza kamal, kifaa walichokitumia mabaharia wa Kiarabu katika Bahari ya Hindi: kibao kidogo chenye uzi uliopigwa mafundo. Unauma fundo, unanyoosha uzi, unakisogeza kibao mpaka ukingo wa chini uguse upeo na wa juu uguse nyota ya kaskazini. Kila fundo ni bandari. Ukiwa Minneapolis nyota hiyo iko nyuzi 45 juu ya upeo, kwa kuwa mji wenyewe uko kwenye latitudo ya 45. Ukiwa Mombasa, kusini ya ikweta, haionekani kabisa. Mtoto akielewa kwa nini, ameelewa umbo la dunia. Tukimaliza tunasoma habari za kaskazi na kusi, na jinsi jahazi lilivyosubiri upepo ugeuke ndipo lirudi Maskati.

Siku ya Moli ni ya wakubwa kidogo. Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku, kwa hiyo 23 Oktoba ni 10/23, na walimu wa kemia wakaona hapo namba ya Avogadro: 6.02 mara kumi kwa kipeo cha 23. Husherehekewa kuanzia 6:02 asubuhi hadi 6:02 jioni kwa saa yao. Moli ni idadi tu, kama dazeni, ila ni dazeni ya vitu vidogo mno. Pima gramu 18 za maji kwenye mizani ya jikoni, kijiko kikubwa na ziada kidogo, mpe mtoto ashike kikombe, mwambie humo mna moli moja ya molekuli. Kisha mwache akokotoe: moli moja ya sekunde ni zaidi ya mara milioni moja ya umri wa ulimwengu. Wa kwangu alifanya hesabu hiyo mara tatu akidhani amekosea sifuri.

Katikati ya Oktoba kuna juma ninalolipenda sana. Tarehe 14 ni siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, na watoto hapa wanashangaa kwamba rais alikaa akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Siku mbili baadaye, tarehe 16, Wamarekani wana Siku ya Kamusi kwa heshima ya Noah Webster, aliyezaliwa 1758 na kutoa kamusi yake kubwa mwaka 1828. Tunaziunganisha siku hizo. Nawaambia kwanza kwamba neno lenyewe, kamusi, limetoka kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni bahari kuu. Halafu nawapa kazi: tafuta "wameniandikia". Watafute kwenye W na hawatapata kitu. Lazima wavue kiambishi kimoja baada ya kingine mpaka wafike "andika". "Meno" lazima warudi "jino", "macho" warudi "jicho". Mtoto anayesoma Kiingereza kutwa nzima, akifanya hivi kwa nusu saa, anaiona sarufi ya lugha ya mama yake ikifunguka mikononi mwake. Hakuna karatasi ya mazoezi inayofanya hivyo.

Siku ya Fibonacci, 23 Novemba, naitaja kwa ufupi: 11/23, yaani 1, 1, 2, 3, mfuatano ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Okota koni ya msonobari, hesabu mizunguko ya kulia na ya kushoto, mara nyingi utapata 8 na 13. Usisahau kuwaambia kwamba huyo Fibonacci, yaani Leonardo wa Pisa, alijifunza tarakimu hizi tunazotumia akiwa kijana Afrika Kaskazini, Béjaïa ya Aljeria ya leo, kabla ya kuwaandikia Waitalia kitabu chake mwaka 1202.

Kuhusu Halloween, kila nyumba ina imani yake na mimi simwamulii mtu. Sisi hatuzunguki na vinyago. Tunanunua boga tarehe 1 Novemba, bei ikiwa imeporomoka, tunakisia idadi ya mbegu kabla ya kulipasua, tunazikaanga na chumvi, na ganda tunaliacha uani lioze huku mdogo akilichora kila Jumamosi.

Shukrani ni nzito zaidi, na inahitaji uaminifu. Karamu ya 1621 huko Plymouth, Massachusetts, ambayo watoto husimuliwa kuwa ndiyo chanzo cha sikukuu hii, ilikuwapo, na Wawampanoag, wazawa wa eneo hilo, waliokuja walikuwa wengi kuliko walowezi Waingereza waliosalia hai. Lakini tangu 1970 wazawa wa nchi hii hukusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kwa maombolezo. Watoto wetu, ambao babu zao walitawaliwa, wanaelewa habari hizo mbili zikisimuliwa pamoja. Usiwafiche moja.

Na sheria?

Kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50 ya Marekani, ila masharti yanatofautiana sana. Minnesota hutaka mzazi aiarifu wilaya ya elimu ifikapo 1 Oktoba na mtoto apimwe kila mwaka kwa mtihani sanifu. Pennsylvania hutaka siku 180, au saa 900 kwa ngazi ya msingi, pamoja na jalada la kazi za mtoto. Texas haidai taarifa wala mtihani, ila kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema lazima vifundishwe. Walio Ujerumani hawana ruhusa hiyo kabisa, lakini hakuna anayewazuia kukata tufaha Jumamosi.

Kwa wanaotakiwa kuweka kumbukumbu, andika somo, usiandike sherehe. "Siku ya Tufaha" haimwambii mkaguzi chochote. "26 Septemba: urithi wa mimea na kubebesha miche, wastani na kugeuza vipimo, jaribio la oksijeni lenye dhana na matokeo, kusoma wasifu wa John Chapman, saa nne" inamwambia yote, na ni kweli tupu. Ambatisha grafu na picha ya vipande vinne vya tufaha. Nikiona siku siwezi kuiandika hivyo, najua kwamba sikupaswa kuishika.

Daftari la machweo tunaliendeleza mpaka Desemba. Kila mwaka, karibu na tarehe 9, siku ya uhuru wa Tanganyika, nukta zinaacha kushuka. Jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, saa ambayo Mombasa watu bado wanavuta viti nje kunywa chai ya alasiri. Halafu, tarehe 14 au 15, linaanza kuchelewa kuzama kwa dakika moja. Lakini mchana mfupi kuliko yote haujafika. Ni tarehe 21. Mwaka jana mkubwa alisimama mbele ya friji akiwa na kalamu mkononi, akaniambia kuna kosa kwenye grafu. Nikamwambia hakuna kosa, aanze sasa kuandika na machomozo.